Wino wa Muhuri Ndani ya Mashini

Kamina, nyuma ya gare ya treni
Jumatatu, tarehe 22 Septemba 2025

Mpendwa yaya Théo, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na yaya Sylvie na mtoto. Mnaendelea namna gani huko Lubumbashi? Kile kikohozi chako cha asubuhi kilikuacha? Mama anauliza kila juma kama unakula vizuri, halafu anajijibu mwenyewe kwamba hapana.

Sisi hapa tuko wazima. Mguu wa papa unamsumbua tu akipanda ngazi za kanisa. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi, vumbi limelala kidogo. Mimi niko mwaka wa tano wa sekondari sasa. Profesa wa Kifaransa alisoma insha yangu mbele ya darasa bila kutaja jina langu, na nilifurahi hasa kwa sababu hakulitaja.

Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Simu ni ya papa, na papa anasoma kila kinachoingia na kinachotoka. Tena unaujua mdomo wangu: wakati wa kusema ukifika, unafunga. Kwa kalamu naweza. Bahasha hii anaileta mama Rehema, yule mwenye vitenge pale sokoni, anayeshuka na treni kesho. Nimeifunga kwa gundi mara mbili.

Ni habari ya imprimante, ile mashini ya kuchapa uliyotutumia mwaka jana. Papa alikuambia kwa simu kwamba mjomba wetu, tonton Abdias, aliiua na kwamba mimi niliifufua. Ulinipongeza. Ulisema dada yako sasa ni injinia. Tangu siku ile silali vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyeiua, na tonton ndiye aliyeifufua.

Nianze mwanzo. Tarehe tano, Ijumaa, papa na mama walikwenda matanga. Nilikuwa na barua ya kuandika. Niseme tu, nimekwisha kuanza: ilikuwa kwa Seth, yule mwimbaji wa bass wa chorale yetu ya kanisa. Sikutaka atambue mwandiko wangu, basi niliiandika kwa ordinateur, ile kompyuta ya papa, nikaichapa kwa mashini. Mistari mitatu ilitoka vizuri, ya nne ikawa kijivu, ya tano haikutoka. Wino mweusi ulikuwa umekwisha.

Katika mkoba wa papa kuna kile kichupa cha wino wa zambarau, wa kulowesha muhuri wa parokia. Niliwaza, wino ni wino. Nilivuta kidogo kwa sindano ile papa anayojazia, nikaingiza kwenye nafasi ya mweusi. Ukurasa ulitoka wote, wa zambarau, mzuri kuliko nilivyotarajia. Niliusoma mara nne. Vidole nilivisugua kwa majivu na limau, lakini kucha mbili zilikataa kutakata.

Jumamosi niliiacha barua ndani ya kitabu cha nyimbo cha Seth. Aliisoma mbele ya chorale nzima, kwa sauti nyembamba ya msichana, mkono kifuani. Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Hawakujua ni nani, basi walimpa mwandishi jina la rangi ya wino wake: Mademoiselle Violet. Mpaka leo mtu akikosa noti wanamwambia, "Weye, unawaza Violet?" Na mimi nilicheka pamoja nao, yaya. Nilicheka zaidi ya wengine, ili wasinitazame.

Sasa unaona nilivyojifunga. Nikisema niliweka wino wa zambarau ndani ya mashini, nimesema mimi ni nani.

Papa ni katibu wa parokia, unajua anavyojivunia karatasi zake. Surintendant, mkubwa wa wachungaji wetu, alikuwa anakuja Jumapili tarehe kumi na nne, na programu za ibada mia mbili zilitakiwa. Alhamisi papa alinunua wino mweusi, akajaza, akachapa ya kwanza. Ilitoka kama zebra. Neno "Karibu" lilikosa miguu. Jina la surintendant lilikatwa katikati na mstari mweupe.

Tonton Abdias alisema tusilazimishe. Unamjua: tangu kazi ya reli ilipokwisha kule Luena na mama akamkaribisha hapa kwetu, yeye hufungua kila kitu kilichokufa, redio, pasi, saa. Alinifundisha pole pole, kama vile mimi pia ni mtu mwenye akili. Alichapa kwanza karatasi ya majaribio, ambayo mashini inachora vijistari vidogo kama ngazi, kila rangi na ngazi yake. Nyekundu ilikuwa nzima, njano nzima, buluu nzima. Ngazi nyeusi ilikosa karibu vidato vyote.

Akaniambia, akiniita mama kwa upendo kama kawaida yake, "Lise, maman, unaona? Shida haiko mu ordinateur, haiko mu karatasi. Iko mu kichwa. Kichwa iko na matundu madogo-madogo, kupita hata unywele. Wino unakauka mule, njo inaziba."

Aliiamuru mashini ijisafishe yenyewe, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu alikataa, kwa sababu kila kujisafisha kunakunywa wino na tundu lililokauka halifunguki kwa nguvu. Aliiacha ipumzike saa moja, akajaribu tena: vidato viwili tu viliongezeka. Basi akaenda kwa Alfani, muuza betri wa sokoni, akarudi na chupa ya maji ya betri. Alisema maji ya kisima yana chumvi na udongo, yataziba zaidi. Haya hayana kitu ndani.

Alitoa katriji nyeusi. Alikunja kipande cha pamba ndani ya kitambaa, akakilowesha kwa yale maji, akakiweka chini ya kichwa na kukisukuma kichwa juu yake. Kisha kwa sindano akadondosha matone mawili pale juu, wino unapoingilia. "Hii inaomba saa nyingi," alisema. "Muntu akikimbiza, anaharibu."

Baada ya nusu saa alivuta pamba kuona. Ilikuwa ya zambarau.

Aliigeuza. Akainusa. Akasema, bila hasira, "Hii ni wino ya muhuri. Nani aliitia humu?"

Nilificha kucha zangu chini ya meza. Nikasema, "Pengine ni weye."

Alicheka, alidhani ni mchezo. Kisha akanitazama, na kicheko kikaisha kidogo kidogo usoni mwake. Akasema "Bon" tu, kama mtu anayesema haya, basi, akatupa ile pamba ndani ya kikapu cha takataka, akaweka nyingine safi. Kila siku tangu pale nasikia ile "bon".

Ijumaa mchana papa aliingia na mashemasi wawili waliokuja kuchukua programu. Mashini iko wazi, katriji iko mezani, na pembeni chupa yenye picha ya betri. Papa aliinua chupa.

"Abdias. Uliweka hii mu mashini ya mutoto wangu?"

"Ndiyo, shemeki. Maji kidogo tu."

"Hii ni asidi."

"Hapana, asidi iko ingine. Hii njo ile banaongezaka mu batri ikikauka. Iko maji ya safi."

"Maji ya safi kwa Alfani." Papa aliwageukia mashemasi. "Musikie. Bantu ya reli. Treni ya Luena ilikufa mu mikono yabo, sasa banatafuta kitu ingine ya kuua."

Mashemasi walicheka. Tonton alisema tena, taratibu, "Iko maji, shemeki."

"Kama iko maji, kunywa."

Tonton alichukua chupa. Alikunywa, yaya, na si kidogo. Alikunywa mpaka koo lake likapanda na kushuka mara tatu, akafuta mdomo, akasimama pale mbele yao, mzima.

Papa akasema, "Munaona? Muntu ya njaa anakunywa kila kitu."

Walicheka tena. Mama alikuwa mlangoni na beseni la mihogo, akageuka akarudi nje.

Kisha papa akaniuliza: "Lise, weye ulikuwa hapa. Ulimuona anatia hii kitu?"

Tonton alinitazama. Hakuniomba kitu kwa macho, alingoja tu. Nikatazama viatu vyangu, nikasema, "Ndiyo, papa. Nilimuona anatia." Papa akauliza, "Na mbele ya ile, mashini ilikuwa inafanya, hata na ile mistari?" Nikasema, "Ilikuwa inafanya kidogo."

Angalia maneno yangu. Hakuna hata moja la uongo. Niliyapanga vizuri kama mtu anayepanga matofali ya kumfungia mwingine ndani.

Papa alimwambia atoke ndani ya nyumba siku ileile, na kwamba atarudi kuongea siku atakapoleta kuku wa kuomba msamaha, kama shemeji anayejua adabu. Tonton alikunja godoro lake. Akipita karibu nami alisema, "Acha pamba mule mpaka kesho mchana. Halafu safisha mara moja tu." Ndilo neno la mwisho aliloniambia. Bado alikuwa anaihurumia mashini.

Sijui kwa nini hakusema anachokijua. Pengine aliona papa hatamwamini mbele ya mtoto wake. Pengine alikuwa ananiachia nafasi niseme mwenyewe. Hiyo ya pili ndiyo inayoniumiza.

Jumamosi mchana nilifanya kama alivyosema. Nilitoa pamba, nikarudisha katriji, nikasafisha mara moja tu, nikachapa karatasi ya majaribio. Kidato cha kwanza kilitoka na kivuli cha zambarau, vingine vyote vyeusi, vizima, bila pengo. Programu mia mbili zilitoka kabla ya jua kushuka. Papa alinishika bega mbele ya mashemasi, akasema katika nyumba hii ni mimi tu mwenye mikono. Sikukataa. Ndipo alipokupigia simu.

Jana, Jumapili, tonton alikuja na kuku. Sijui alimpata wapi, kwa sababu siku hizi analala kwa Mwepu, anayekodisha baiskeli karibu na gare, na ninasikia anakula huko mara moja kwa siku. Alikuwa jogoo mwekundu, mzuri. Tonton alivaa shati lake la kanisa. Alipiga magoti pale barazani, yeye mtu wa miaka arobaini na mitatu, mbele ya papa na mama na watu waliotoka ibadani, akashika jogoo kwa mikono miwili, akasema, "Shemeki, unisamehe kwa mashini."

Papa alimwacha magotini akimaliza kwanza kuongea na shemasi habari za mabati ya kanisa. Kisha akapokea jogoo, akampa mama. Akasema, "Kuku imekubaliwa. Weye, tutaona."

Mama alimwambia kaka yake asimame. Mimi niliambiwa ninyonyoe.

Nilinyonyoa, nikapika, nikaleta mezani. Tonton hakualikwa kuketi, alikuwa bado uani anafunga kamba ya kiatu, anafunga na kufungua, kama mtu anayengoja kuitwa. Papa alitafuta firigisi ndani ya sahani. Unajua firigisi ni ya nani katika nyumba yetu, hata wewe kifungua mimba hukuwahi kuionja. Aliitoa kwa vidole vyake akaniwekea juu ya bukari, ugali wangu. Akasema, "Hii ni ya ule aliokoa mashini." Kutoka pale nilipokaa, dirisha likiwa wazi, nilimwona tonton ameinua kichwa.

Nikaila. Nilitafuna mpaka mwisho, na nilisema asante, papa.

Sasa njoo kwenye ombi langu, yaya, kwa sababu muda ni mfupi. Jumanne ijayo, tarehe thelathini, kuna lori linalokwenda Mulongo, na tonton atapanda. Kuna watu wa samaki waliomwambia atapata kazi ya mitumbwi kule mabwawani. Yeye ambaye hajui kuogelea, anayeogopa hata mto wa goti. Anakwenda kwa sababu hapa Kamina watu sasa wanamwita Asidi. Akipita, watoto wanamnyooshea kikombe.

Nilijaribu kusema. Juzi nilisimama mbele ya papa akifunga mkanda wa saa, nikasema, "Papa." Akasema, "Sema." Nikasema chumvi imekwisha.

Ndani ya bahasha hii utaona vitu viwili nilivyovifungia nailoni. Kimoja ni ile pamba ya kwanza, niliitoa kikapuni siku ileile, sijui kwa nini. Loweka kidogo ukitaka, rangi itatoka. Kingine ni karatasi ya majaribio, tazama kidato cha kwanza. Sasa una ushahidi wote, na mimi sina tena wa kuuchoma. Nimefanya hivyo kusudi.

Mpigie papa simu Jumapili hii, saa saba mchana, tukiwa mezani. Akiona jina lako huwa anaweka sauti kubwa ili wote tukusikie. Mimi hukaa kati ya mama na ukuta, siwezi kutoka bila mama kusimama kwanza. Usinipongeze tena. Usiseme ni habari uliyoisikia kwa mtu. Sema Lise ameniandikia, na usome, pamoja na pale pa Seth na pale pa firigisi. Nikianza kulia, endelea kusoma.

Nisalimie yaya Sylvie, umbusu mtoto kwenye kisogo. Mama anakusalimu, papa pia anakusalimu, wote wawili hawajui kwamba nimeandika. Tonton Abdias angekusalimu kama ningekuwa na uso wa kumuuliza. Mungu awalinde nyumbani mwenu, na akupe sauti isiyotetemeka siku ya Jumapili.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda, na ambaye kuanzia Jumapili utamjua,

Lise