Kibano cha Mwalimu Faustini

Nachingwea,
Jumapili mchana

Kaka yangu Samweli,

Kile chuma kidogo kilichomo ndani ya bahasha usiwape watoto wakichezee, na usikitupe kwenye kopo la skrubu pale gereji. Nitakueleza kimefikaje humo. Kwanza niambie, mama anaendeleaje na goti lake? Bado anapanda mlimani kwenye tangawizi kwa ukaidi ule ule, au shemeji amefaulu kumzuia? Mimi mwili hauna ugonjwa. Nakula, na joto la huku nimeanza kulizoea. Kinachonisumbua ni woga, na safari hii woga wenyewe una sababu.

Unakumbuka niliwahi kukuandikia habari za lile gari la ofisi yetu ya kilimo, lile lisilo na kabureta, linalorushia petroli ndani ya injini kwa nozeli, ambalo mtaalamu wa mradi alituachia alipomaliza mkataba? Ulinijibu kwamba gari la namna hiyo ni zuri likiwa jipya, na likizeeka linataka mtu anayelielewa. Huku hayupo. Dereva wetu, Mzee Chilumba, ni mjuzi wa Landrova, lakini hili analiita "mzungu", maana anasema halisemi linaumwa wapi.

Siku ya Jumatano tulikuwa tunarudi kutoka Ruangwa: Mzee Chilumba, mkuu wetu Ndugu Mbawala, na mimi nyuma na majalada. Asubuhi gari lilikwenda vizuri. Tulipopita Likunja jua likiwa kali, likaanza kukohoa kila tukipata mlima. Mzee anakanyaga mafuta, lenyewe linapoa. Tulipofika Chinongwe, karibu na nyumba za walimu, likazima kabisa.

Ndugu Mbawala alishuka, akanigeukia mimi.

"Ndugu karani, petroli ya safari hii umeitoa wewe?"

"Ndiyo, mkuu."

"Ni petroli, au umetuchanganyia mafuta ya taa?"

Kaka, unajua hali ilivyo. Siku hizi mtu akishasemwa kwamba anahujumu mali ya umma, hata akisafishwa, jina halisafishiki. Nilichomoa karatasi nyeupe kwenye jalada, nikadondoshea petroli kidogo kutoka kwenye debe letu la akiba, lililojazwa kutoka pipa lile lile. Ikakauka pale pale, haikuacha doa kama yanavyoacha mafuta ya taa. Nikamwonyesha.

"Karatasi haiendeshi gari," akasema, akaenda kusimama kivulini.

Hapo ndipo Mwalimu Faustini alipotokea mbio, shati halijafungwa vifungo. Ni mwalimu wa shule ya pale. Mkewe, Mama Regina, alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hashuki. Alipolisikia gari alidhani Mungu amelileta. Alipoona boneti iko wazi, uso wake ulibadilika hata nikashindwa kumtazama.

Walimleta mama huyo hivyo hivyo, wakamlaza kiti cha nyuma. Bibi mkunga aliyekuja naye alilitazama gari juu hadi chini.

"Gari la serikali linakunywa kuliko wanaume wa hapa," akasema, "na kutembea halitembei."

Ndugu Mbawala akataka apelekwe mtu wa baiskeli Ruangwa akatafute lori. Bibi akatikisa kichwa. "Mtoto kakaa vibaya. Mikono yangu imefika mwisho. Hilo lori litamkuta nani?"

Ndipo nikakukumbuka wewe, na zile likizo ulizokuwa unanilazimisha nikushikie taa gereji wakati mimi nataka kusoma. Nilimwomba Mzee Chilumba awashe swichi bila kupiga stata, nikaweka sikio karibu na tanki. Pampu ilinguruma. Chujio alikuwa amelipuliza asubuhi, na hewa ilipita. Nikaminya mpira unaopeleka mafuta kwenye nozeli. Uliminyika kama utumbo mtupu. Uliniambia kwamba mpira wenye nguvu ndani yake hukataa kidole. Basi mafuta yalikuwepo, ila nguvu haikuwepo. Ama pampu imechoka, ama mafuta yanafika na kurudi zake tanki bila kuzuiwa na kitu.

Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya. Nikauviringishia kitambaa mpira wa kurudishia mafuta tanki, nikaubana kwa koleo. Mpira wa mbele ukawa mgumu mara moja. "Piga stata, mzee!" Likawaka, likanguruma kama asubuhi. Nikaachia koleo, likafa.

Kwa hiyo pampu ni nzima. Kilichokufa ni regulata, kile kikombe cha bati kinachotakiwa kuyazuia mafuta yasirudi ovyo. Kimebaki wazi. Kama nimekosea, niambie.

Mzee Chilumba alicheka kwa furaha. "Mzungu kasema!" Lakini mimi sikucheka naye, maana nilijua linalofuata. Mtu hawezi kushika koleo ndani ya injini gari likienda. Na ukiufunga mpira ule kabisa, nguvu inapanda kuliko inavyotakiwa, na mipira ya gari hili ni mikuukuu, ina nyufa. Ikipasuka, petroli inamwagikia bomba la moshi. Nilitaka kitu cha kubana kidogo kidogo.

"Mwalimu," nikamuuliza, "shule ina vifaa vya sayansi? Kile kibano cha skrubu, cha kubania mipira ya maabara?"

Alikimbia, akarudi nacho. Ndicho hicho ulicho nacho mkononi.

Nilikifunga, nikakaza mpaka injini ikatulia. Kisha nikamvuta mwalimu pembeni nikamwambia kweli tupu: tunaweza kufika, na tunaweza kuungua njiani, na mimi ni karani, si fundi. Alifumba macho. Ndugu Mbawala akaanza kusema kwamba jambo zito kama hilo linahitaji kufikiriwa kwa pamoja.

Sauti ikatoka ndani ya gari. "Nyie wanaume, mkutano ukiisha mniambie." Alikuwa Mama Regina, anahema. "Nikibaki hapa nafanya nini? Washeni."

Mzee Chilumba aliifungulia boneti skrubu akaing'oa kabisa, akaiegemeza kwenye banda la kuku la mwalimu, ili mvuke wa petroli usikusanyike na mimi niuone mpira nikiwa kiti cha mbele. Kila mmoja alibeba kitu. Ndugu Mbawala alipakata ndoo ya mchanga juu ya suti yake ya Kaunda. Mwalimu alimshika mkewe. Mimi nilibeba macho tu, kaka. Sijawahi kuutazama mpira kama nilivyoutazama ule. Vumbi jekundu lilituingia lote usoni, na kila harufu ya petroli ikizidi nilipiga kelele tusimame, nishuke nikapapase.

Kwenye kilima kirefu injini ikaanza kulegea tena. Tukasimama, nikashuka nikakaza kidogo, gari likapata nguvu. Halafu nikaona unyevu kwenye ungio, tone linakusanyika, na chini yake bomba la moto. Nilikuwa na mambo mawili tu ya kufanya: niache nguvu ilivyo tupande, au nilegeze tusiungue.

Nikaomba tusimame, nikashuka nikalegeza. Gari likakata tamaa katikati ya kilima.

"Karani!" Ndugu Mbawala akafoka. "Umefanya nini?"

"Tushuke tusukume, mkuu."

Alinitazama. Nilidhani hapo ndipo kazi yangu inaishia. Akaweka ndoo chini, akavua koti. Alisukuma, kaka, yeye na mwalimu na mimi, na bibi mkunga kutoka dirishani akimwambia mkuu, "Vuta pumzi, baba, wewe ndiye umeanza uchungu sasa!" Injini ikasaidia na kale kanguvu kalikobaki. Tukapita kilele. Kuanzia hapo njia ilikuwa nyepesi, na tone halikurudi.

Hospitalini hapa Nachingwea walimpasua mara tu tulipofika. Mtoto ni wa kiume, mzima. Mama yake jana nilimkuta amekaa anakunywa uji. Mwalimu Faustini alinishika mkono, akasema kibano nikitumie mpaka nimalize, ila nisisahau kwamba ni mali ya shule.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Jana Ndugu Mbawala aliniita. Habari za mafuta ya taa hakuzigusa tena. Alitabasamu, akaniita "fundi". Kesho Jumatatu kuna wageni wa kupelekwa Ruangwa, akasema, na gari litakwenda.

"Mkuu, lile bado ni bovu."

"Si lilifika? Utakaa mbele kama siku ile."

Nilitaka kumwambia kwamba siku ile kulikuwa na mtu anayekufa, na kwamba kuungua kwa ajili ya ratiba ni jambo lingine. Lakini woga ulinishinda. Nikasema, "Ndiyo, mkuu," nikatoka.

Kisha nikaenda uani lilipoegeshwa, nikafungua kile kibano, nikakitia mfukoni. Niliogopa kuliko nilipokuwa nakifunga.

Kaka, nitafutie regulata kwenye yale magari yaliyokufa nyuma ya gereji yako, na mipira mizima inayostahimili nguvu. Ukituma, rudisha na kibano, nikipeleke Chinongwe mwenyewe, nikachukue na boneti.

Msalimie mama, asijue habari za petroli. Msalimie shemeji, umshukuru kwa kunivumilia likizo zote zile, na mjomba mpiga kengele, na yule mchomeleaji wako anayeniita Profesa. Mwambie leo Profesa ana kucha nyeusi.

Barua hii naitia mkononi mwa dereva wa lori la korosho anayeondoka sasa hivi kwenda Dar es Salaam; akifika ataipa basi la huko nyumbani. Sikutaka kungoja posta ifunguliwe kesho. Kibano kikilala chumbani kwangu, asubuhi nikiitwa kwa jina tu, nitakitoa. Kikiwa njiani kuja kwako, itanibidi niseme hapana.

Mdogo wako,
Elibariki