Boila Inayodai Haina Maji

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi kama kawaida. Nimemwaga tope la chini ya boila ya hospitali, nimepangusa kioo cha kuonyesha kiasi cha maji, nimesikiliza pampu. Kisha nimefunga bodi mpya ya umeme, ile inayowasha na kuzima moto. Ile ya zamani iliunguzwa na radi wiki iliyopita. Kila waya mahali pake. Kazi safi.

Nimewasha. Moto umekataa kushika. Taa nyekundu: hakuna maji. Kioo kinaonyesha maji tele.

Sina wasiwasi. Nimeishi na boila hii muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu. Kesho itawaka.

Jumanne, 11 Machi
Haikuwaka.

Nimevitoa vile vijiti vya chuma vinavyoning'inia ndani ya maji na kuiambia bodi maji yamefika wapi. Vilikuwa na chokaa. Nimevisugua vikang'aa. Taa bado nyekundu.

Bila mvuke vifaa vya upasuaji havitakaswi. Vinapelekwa kwa pikapu hadi hospitali nyingine, vinarudi vichache, na wanaopasuliwa ni wa dharura tu. Na leo ndiyo siku Shangazi Truphena amelazwa, kutoka Pap Onditi. Uvimbe kwenye kizazi. Damu imemtoka miezi mingi na hakumwambia mtu. Zamu yake ni Alhamisi. Nimemletea uji. Boila sikuitaja.

Jumatano, 12 Machi
Nimempigia simu aliyetuuzia bodi, Nairobi. Anasema waliipima na ni nzima. Sikumwamini.

Mchana Ochieng', fundi mwenzangu, akaleta wazo. Tuunganishe waya mbili, bodi idhani maji yapo, moto uwake. Kazini kwake kwa zamani waliwahi kufanya hivyo. Nimekataa. Akaenda kwa msimamizi, Bwana Wafula, naye akaja mwenyewe. Si mtu mbaya. Madaktari wanamkaba koo.

"Mama, ni kwa siku moja tu. Kioo si unakiona? Maji yapo."

"Leo yapo. Pampu ikikwama, nani ataizimia moto?"

"Wewe utakuwa hapo."

"Mimi nitakuwa hapo, na wale akina mama wa kufua nguo wako nyuma ya ukuta huu. Boila ikikauka na moto unawaka, italipuka. Ukitaka hivyo, Bwana Wafula, watoe kwanza."

Akaniuliza kama nina hakika nitagundua shida iko wapi. Nikasema ndiyo. Nilikuwa na hakika. Bado ninayo.

Alhamisi, 13 Machi
Shangazi amerudishwa kitandani. Alishinda njaa tangu jana, kisha wakamwambia vifaa havitoshi. Viganja vyake vyeupe. Muuguzi anasema asingoje sana.

Nimetoka nje nikasimama karibu na tangi la dizeli. Hasira. Waya mbili tu, na shangazi angekuwa amepasuliwa. Nimewaza hivyo, sifichi. Kisha nimerudi kazini.

Nimeacha kubahatisha. Nimechukua waya ya kijiti, nikaigusisha kwenye mwili wa boila, kana kwamba maji yamefika. Taa nyekundu. Nikaigusisha kwenye bodi yenyewe, pale umeme wa vijiti unaporudi. Taa ya kijani. Basi muuzaji alisema kweli, bodi ni nzima. Umeme unatoka, unapita kwenye maji, unafika kwenye chuma cha boila, halafu hauna njia ya kurudi.

Bodi ya zamani ilikuwa bado juu ya meza. Nikaigeuza. Miguu ya chuma. Ilikuwa imefungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye boila, na umeme ulirudi kupitia miguu hiyo. Bodi mpya ina miguu ya plastiki.

Mimi ndiye niliyeifunga. Sikuiangalia miguu. Nimemwambia Bwana Wafula hivyo hivyo, na Ochieng' akiwepo. Ochieng' akaenda kutafuta msasa.

Tumekwangua rangi kwenye boila hadi chuma kikaonekana, tukavuta waya kutoka pale hadi kwenye bodi. Kijani.

Sikuiruhusu ifanye kazi bado. Nilifungua maji yatoke taratibu, moto ukiwaka, mkono wangu kwenye swichi. Maji yakashuka kwenye kioo. Yakashuka zaidi. Ochieng' akasogea mlangoni. Moto ukajizima wenyewe.

Hapo ndipo nikasema, sasa tunaweza kupika mvuke.

Ijumaa, 14 Machi
Mvuke tangu alfajiri. Vifaa vinatoka vya moto, vimefungwa. Shangazi ameingia wa pili. Sikwenda kungoja mlangoni. Nilikaa na boila.

Amepasuliwa. Ametoka salama.

Jumapili, 16 Machi
Mvua imenyesha asubuhi, sikwenda kanisani. Nimekaa na shangazi. Amekula samaki kidogo, mchuzi zaidi. Rangi inamrudia.

Akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, hivi hapa hospitali wewe unafanya kazi gani hasa? Nyumbani wakiniuliza nasema daktari."

"Nachemsha maji, shangazi."

Akanitazama. "Hata mimi nachemsha maji."

Akacheka hadi akashika mshono, akaniomba nisimchekeshe tena. Kisha akalala. Nimemfunika miguu.