Picha ya Kumi na Moja

4 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo. Mama anauliza kama unakula au bado unashindia chai. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kutoka hapo kwenda chini waulize madaktari. Wanasema ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini, na mimi nimerudi, nimelala kwenye chumba chetu kile kile, mguu wa kulia umefungwa plasta mpaka pajani na umewekewa mito miwili kama mgonjwa wa maana.

Usishangae kuona barua ya karatasi. Simu yangu ilisagika siku ile niliyoanguka, na hii ya Mama kila ujumbe anausoma kwa sauti kabla sijaufikia. Haya sitaki ayasome.

Jana imekuja barua ya chuo. Kamati ya usalama inasema nilianguka kwa kuwa "mpiga picha alipanda mahali pasipokuwemo kwenye mpango." Nimeisoma mara tatu. Dada, mpango wa ile video ya wimbo wa Koo uliuandaa wewe. Mwezi mzima ulihangaika nao: ukawauliza watu arobaini wimbo unawakumbusha nini, ukatazama video za wenzetu wa miaka iliyopita mpaka macho yakavimba, ukachora kila picha tutakayopiga, moja baada ya nyingine. Kwenye picha ya kumi na moja ulinichora mimi, juu ya paa la karakana ya mbao, kichwa kama boga, kamera ikitazama chini uani ambako Koo anaimba na wachezaji wanamzunguka. Nilikucheka sana kwa lile boga. Sasa nalihitaji.

Nakala yangu ilikatwa hospitalini pamoja na suruali. Koo na wachezaji walipewa karatasi zao tu, yangu hawaijui. Imebaki iliyomo kwenye faili lako. Kamati inakaa tarehe 20. Wakiamua kwamba nilivunja mpango wananifukuza, na miaka yote mitatu inakwenda na maji. Wapelekee karatasi hiyo. Sina ombi lingine.

Mdogo wako,
mwenye mguu mmoja wa kazi


11 Machi

Mdogo wangu kipenzi,

Barua yako nimeipata, nimecheka halafu nimelia. Maumivu yamepungua? Unalala vizuri? Mwambie Mama nakula, na asikubebeshe ndoo hata ukijifanya umepona. Mimi sijambo, ila kazi zimenifika shingoni. Video tumeimalizia chini, bila picha ya paa. Koo anadai imependeza. Koo hata akipiga mwayo anadai umependeza.

Kuhusu faili, liko kabatini kwa Bi Karatasi. Unamjua, mwalimu asiyeamini jambo mpaka liandikwe. Amenipa thelathini na nane kwa arobaini, na anasema tangu aanze kufundisha hajawahi kutoa alama hizo. Alilinyanyua mbele ya darasa zima akasema, "Huyu amefanya utafiti. Ninyi wengine mnapiga picha kwa kubahatisha." Nilitamani ungekuwepo.

Nitamwomba anifungulie. Si jambo la kumvamia mwalimu siku moja. Subira huvuta heri. Na tafadhali usimwambie Mama habari za kamati, presha yake unaijua.

Dada yako


17 Machi

Dada,

Hatujambo, Mama anakusalimu. Subira huvuta heri, kweli, lakini kamati haina subira. Zimebaki siku tatu.

Ukilala chali wiki tano unakumbuka mengi. Nakumbuka nilivyopanda. Paa lote lilikuwa limefunikwa na unga wa mbao na majani makavu ya miaka mingi, huwezi kuona kilicho chini. Lakini fomu yako ya ukaguzi nilikuwa nayo mfukoni, na ilisema: paa la zege, imara, linabeba watu watatu na vifaa. Limekaguliwa Jumamosi. Basi nikatembea kama natembea sebuleni. Hatua ya nne nikasikia bati linalia. Bati, dada, bovu la kutu. Zege lilikuwa wapi?

Tena Jumamosi hiyo naikumbuka. Nilikuletea mkate kwenye chumba cha kuchorea, ukanifokea nisikudondoshee chai kwenye michoro. Nilikukuta umekaa hapo asubuhi, nikakuacha hapo jioni.

Nakuuliza kama ndugu, na nijibu kama ndugu: ulipanda kulikagua lile paa au hukupanda?

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama, ingawa najua habari mbaya zimenitangulia. Nilisikia uamuzi wa kamati siku ile ile. Nimeanza barua hii mara sita.

Sikupanda. Sikufika hata getini. Ilikuwa nichague kwenda karakana au kumaliza michoro, na michoro ilikuwa na alama ishirini, fomu ya ukaguzi alama tano. Nikamwomba mlinzi wa pale anitumie picha kwa simu. Alipiga kutoka barabarani, na kutoka barabarani unaona ukuta wa mbele tu, mrefu, wa zege. Nikadhani na paa ni hivyo hivyo. Yale maneno ya watu watatu na vifaa niliyanakili kwenye faili la mwaka juzi, la jengo jingine kabisa. Kila mtu hufanya hivyo kwenye ukaguzi. Kila mtu, ila wao hakuna aliyeanguka.

Kuna kubwa zaidi, na nisipolisema leo sitalisema tena. Siku ile ulipokuwa ndani unafungwa plasta, mimi nilikuwa nje kwenye benchi la hospitali na faili mapajani. Niliitoa picha ya kumi na moja. Nikachora nyingine, kamera ikiwa chini, uani. Fomu ya ukaguzi nayo nikaiandika upya, ikawa ya uwanja peke yake. Nilikuwa nakusikia unapiga kelele, na mistari yangu ilitoka imenyooka. Hilo ndilo linaloniogopesha. Bi Karatasi aliponiita kukabidhi faili jioni yake, lilikuwa limeshakaa sawa.

Sasa nisikilize. Kuna kampuni ya video za muziki inataka mtu wa kuandaa mipango, na Bi Karatasi amewapa jina langu kwa sababu ya faili hili. Nikisema leo, tunafukuzwa wote wawili. Tukizama wote nani atamvuta mwenzake? Niache nipate cheti mwezi wa sita, nianze kazi, halafu nitarudi kusema kila kitu. Na wewe nitakutafutia nafasi hapo hapo. Naapa kwa kaburi la mama yangu mzazi.

Nisamehe.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Sisi wazima. Plasta imetoka. Mguu umetoka mwembamba na umepinda kidogo, daktari anasema nitauzoea hivyo hivyo.

Nimesoma barua yako, na nakupongeza. Kwenye faili uliandika uongo ukapata thelathini na nane; kwenye barua umeandika ukweli na bado unataka upewe alama.

Ngoja nikueleze utafiti wangu, na mimi nimefanya. Mama aliniuliza nilipanda paani kufanya nini. Nikamwambia nilipanda kwa kiherehere, nilitaka kuwaonyesha wasichana wanaocheza kwenye video kwamba siogopi. Nilimwambia hivyo kwa sababu wewe ni mtoto wa marehemu dada yake, amekulea tangu una miaka saba, na hakuna siku amekutofautisha na mimi. Sikutaka ajue. Tangu hapo ananiita mpumbavu asubuhi na jioni, hata mbele ya wageni. Nakula matusi yako.

Rufaa inafungwa tarehe 30. Usiape kwa makaburi, marehemu waache wapumzike. Nataka karatasi ile ya boga, na mistari miwili yenye sahihi yako kwamba ulinichora pale juu. Kama umeitupa niambie umeitupa.

Mdogo wako


26 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Najua sistahili kuuliza. Tarehe 30 ilipita nikiwa nimekaa kitandani na kalamu mkononi. Nilijiambia kesho, na kesho ikawa Mei.

Cheti nimepata. Kazi nimeanza wiki ya pili hii. Nina meza yangu na kiti kinachozunguka, nakagua mahali pa kupigia picha, na naapa kila paa napanda kwa miguu yangu. Wenzangu wananicheka, wananiita Paka. Sijawahi kuwaambia kwa nini.

Chuoni faili letu wanalifundishia. Bi Karatasi amelitolea nakala, kila mwanafunzi mpya anapewa. Wiki iliyopita aliniita niwaeleze wageni jinsi ya kufanya utafiti na kupanga. Nilisimama mbele yao dakika arobaini. Msichana mmoja akauliza, "Je, ni lazima kwenda kukagua mwenyewe?" Nikamjibu ni lazima. Nikasifiwa.

Sikuitupa ile karatasi. Nimeitunza chini ya godoro, na leo nimeitia kwenye bahasha hii niliyopewa chuoni. Tarehe iko nyuma, kwa mwandiko wangu. Ifanye utakavyo. Nimechoka kuilalia.

Dada yako


14 Julai

Kwako binti wa marehemu dada yangu,

Salamu. Mimi ni mzima.

Barua yako ya Juni haikumkuta mwenzako. Aliondoka mwezi wa tano, anapiga picha za vitambulisho kwenye duka moja mji wa pili. Amewekewa stuli kwa sababu hawezi kusimama muda mrefu. Bahasha ilikuwa na nembo ya chuo na ilikuwa nene, nikadhani chuo kimemrudisha darasani. Niliifungua nikiwa nimesimama mlangoni. Niliyasoma yote, kisha nikaingia chumbani kwake nikazitafuta na zile za nyuma, nikazisoma.

Nimemtukana yule mtoto miezi mitatu. Nilimwambia mbele ya watu kwamba amejivunja mguu kwa ajili ya wasichana. Hata hapo hakukutaja.

Jumatatu nilipanda basi nikaja chuoni. Karatasi ya boga nilikuwa nayo mkononi, barua zako ziko mkobani. Nilikuwa nimepanga hivi: nitoe karatasi peke yake, wewe uitwe, uje useme mwenyewe. Nilitaka useme kwa mdomo wako, ili barua zibaki mkobani nirudi nazo nyumbani nizichome, na jambo liishe. Ndiyo maana sikukupigia kwanza. Niliona nikikupigia utajiandaa.

Mwalimu wenu wa miwani, huyo mnayemwita Bi Karatasi, alinipokea vizuri. Alitazama mchoro, akageuza nyuma akaona tarehe. Akasema rufaa ilishafungwa, lakini aliyeichora akithibitisha kwamba ni yake, kamati itakaa upya, kijana atarudi darasani. Akakupigia hapo hapo, na simu akaiweka kwa sauti kubwa.

Ulipokea kwa furaha. Nyuma yako watu walikuwa wanacheka. Akakuuliza kama uliwahi kuchora picha ya kumi na moja nyingine, yenye mpiga picha juu ya paa. Ukasema, "Hapana mwalimu, iliyomo kwenye faili ndiyo hiyo hiyo. Huenda kuna mtu ameiga mwandiko wangu." Ukamtakia kazi njema.

Mwalimu akakata simu, akanitazama. Akasema, "Mama, samahani, wewe ni nani wa huyu binti?"

Swali hilo nimelijibu miaka kumi na minane. Nimelijibu shuleni kwako, hospitalini, kwa mwenye nyumba, na siku ulipoingia chuo nililijibu kwenye meza ile ile. Safari hii nikamwambia, mimi ni mama wa aliyeanguka. Kisha nikatoa barua zako zote nikaziweka mbele yake. Alizisoma taratibu, nami nikamsubiri amalize.

Mwanangu anarudi masomoni Septemba. Wewe watakuandikia wao. Nguo zako zilizobaki huku nimezifunga, utamtuma mtu azichukue.

Mama yake