Wino kwenye Ukucha wa Komal

Jumatatu, 18 Novemba

Hatimaye wamefika. Miaka mitatu nimepiga kelele gazetini juu ya taifodi ya hapa Hyderabad, hii isiyosikia dawa, na juu ya mabomba yanayotunywesha choo – leo wanawake wa chanjo wamepita mtaani kwetu na kisanduku chao cha barafu. Mimi nilikuwa kazini. Niliporudi, Komal, binti wa mdogo wangu Imdad, alinionyesha ukucha wa kidole cha mwisho: mweusi tii. Kila mtoto aliyechomwa hupakwa hivyo. Nimekipiga picha, kesho kinatoka na safu yangu. Wale wa "sindano inaua uzazi" wajibu sasa!

Sajid, mdogo wake Komal, alikuwa kwa bibi yake. Atachomwa wanawake hao wakirudi tarehe thelathini.

Jumanne, 26 Novemba

Homa ya Komal haishuki. Hagusi hata wali na mtindi. Hospitalini daktari kauliza kama amechanjwa. Nikawahi kujibu mimi: amechanjwa, picha yake imetoka gazetini. Imdad alikuwa anatazama viatu vyake. Nikadhani ni uchovu.

Ijumaa, 29 Novemba

Majibu ya damu: taifodi, ileile sugu. Zimebaki dawa chache. Ya mshipa imeanza.

Nikamuuliza Komal walimchoma mkono gani. Swali la kumchangamsha tu.

"Hawakunichoma, shangazi. Baba alinipaka kwa maka peni yako."

Yangu. Ile ninayoandikia mabango ya maandamano ya maji.

Nikamvuta Imdad kwenye korido. Eti aliona video kwenye simu, watoto wanazimia shuleni baada ya sindano.

"Usinitolee macho, dada. Daktari mwenyewe kasema huenda vijidudu vilishaingia kabla ya Jumatatu ile. Halafu nani alitufundisha kwamba serikali hii hudanganya hata ikiulizwa saa?"

"Nilikufundisha kubisha. Kunifanya mwongo mbele ya mji mzima ulijifunza wapi?"

Akalia. Akaapa kwa kaburi la baba: kesho Sajid anachomwa. Shabiran, mkewe, alisikia kila neno kupitia mlango ulio wazi, mkono juu ya paji la Komal.

Nimemwamini. Nimemlea mimi huyu.

Jumamosi, 30 Novemba

Siku ya mwisho ya chanjo. Wale wanawake wamebisha hodi asubuhi. Sajid katoka mbio, kidole juu: "Mimi tayari!"

Mmoja ameshatoa chaki aandike ukutani kwamba nyumba hii imekwisha. Nikamshika Sajid mkono. Wino mbichi. Umenipaka kiganja.

Imdad kaninong'oneza: "Dada, nakuomba. Si mbele za watu."

Nikasema mbele za watu kwamba hajachomwa. Yule mkubwa wao akashusha chaki. "Baba akikataa hatumchomi, dada. Labda mama yake akubali."

Nimewapa chai. Nimejifungia na Sajid chumbani mwangu, naandika haya. Imdad anagonga mlango. "Dada, fungua. Hivi mtoto ni wako?" Uani vikombe vinawekwa chini. Wana mitaa mingine.

Nimempigia Shabiran hospitalini. Simu iko hapa kitandani, sauti juu. Nimemweleza yote: kiapo cha jana, wino wa leo. Nimemwambia neno lake moja linatosha.

Hajakata. Nasikia Komal akikohoa karibu naye. Sajid ameisogelea simu.

"Mama?"