Nilimsukuma Baba Kutoka Kwenye Ndege

Jumamosi, Molo.

Ukungu umekalia viazi tangu asubuhi na jiko la makaa limeshindwa na sebule. Nimevaa sweta mbili, lakini kinachonipa joto ni hasira. Nimejifungia katika chumba nilicholala nikiwa msichana wa shule. Ng'ambo ya ukuta nasikia vikombe vya chai vikikusanywa. Wageni wameenda. Mama hajabisha mlango, ananijua.

Wacha niandike kabla sijatoka huko nje nikaongeza maneno.

Leo ukoo wetu uliketi kunihukumu kwa sababu nilifanya kazi yangu.

Kwa yeyote anayesoma blogu hii kwa mara ya kwanza, mimi ni mhudumu wa ndege. Watu hudhani kazi yangu ni kugawa soda na njugu na kutabasamu. Soda ni ya kupitisha wakati. Kazi yenyewe ni mlango. Nimeajiriwa ili siku mambo yakiharibika, nifungue ule mlango na watu watoke hai. Wahudumu wengi hustaafu bila kuiona siku hiyo.

Mimi niliiona wiki chache zilizopita.

Tulikuwa tumetoka Pwani na tumetua vizuri. Ndege ilikuwa bado inatembea chini, watu wameshaanza kuwasha simu, breki za upande wa kushoto zikashika moto. Moshi ukaanza kuingia kutoka nyuma. Rubani akasimamisha ndege na kutoa amri tutoke. Nikachungulia kidirisha cha mlango wangu, upande wa kulia, nikaona hakuna moto. Nikafungua. Slaidi ikajaa hewa, ile ya raba ambayo abiria huteremkia. Nikashika mpini ulio ukutani kwa mkono mmoja, nikajibana kando watu wasinisombe, na nikaanza kupiga kelele jinsi tunavyofunzwa. Fungua mikanda! Acha mizigo! Kuja huku! Ruka!

Na katika kiti cha mbele kabisa, karibu na dirisha, alikuwa ameketi Baba.

Ilikuwa safari yake ya kwanza kupanda ndege. Wafanyakazi hupewa tiketi za wazazi, na nilikuwa nimembembeleza kwa muda mrefu aje nimpeleke akaone bahari. Kila mara alikuwa na kisingizio: viazi, ng'ombe, kikao cha kanisa. Mwisho alikubali. Tukirudi alivaa koti lake zito pamoja na kofia ya Jumapili, humo ndani ya ndege, akakataa kuvivua.

Nilipokuwa nikionyesha abiria jinsi ya kufunga mkanda na kuvaa jaketi la kuelea, hakuna aliyeniangalia. Hilo nimelizoea, ingawa sijawahi kulipenda. Unasimama pale na jaketi shingoni, unawaeleza watu jinsi ya kutokufa, na wao wanatafuta chaja. Baba peke yake ndiye aliyesikiliza. Alikuwa ameishika ile kadi ya usalama kwa mikono miwili, anaisoma picha kwa picha. Jirani yake alipoendelea kuongea kwa simu, Baba akamgusa bega.

"Kijana, hebu sikiza. Huyo ni msichana wangu anaongea."

Kwa hivyo alijua. Hilo ndilo limenikereketa kwa wiki hizi zote. Katika ndege nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyejua vizuri la kufanya, na ni yeye aliyeziba mlango.

Alifika mlangoni kati ya watu wa kwanza, akasimama. Mkono mmoja ukashika fremu ya mlango na mwingine ukashika mkono wa blauzi yangu. Nikapiga kelele, "Ruka!" Akaniangalia. Nikapiga tena, usoni kwake, karibu namna ya kumtemea mate. Nyuma yake kulikuwa na mama aliyembeba mtoto, na nyuma ya huyo mama watu wanaokohoa wamejaa njia nzima. Mmoja alikuwa anaburuta sanduku la magurudumu, na huyo Mungu anisamehe kwa yale niliyomwita. Moshi ulikuwa umeshashuka hadi kwenye vichwa vyetu.

Nikaitoa mikono ya Baba kwa nguvu. Nikampiga mgongoni kwa kiganja na kumsukuma nje.

Alienda vibaya. Kofia ikaruka, akateremka kwa ubavu, na kifundo cha mkono kikateguka. Mimi sikumwangalia, nilikuwa nimeshamwita yule mama. Watu wote walitoka hai. Nikakagua viti, nikaita kama kuna aliyebaki, halafu nikatoka.

Sasa, kuna mtu alifika chini salama, na badala ya kukimbia mbali na ndege inayofuka moshi, alitoa simu akaanza kurekodi. Sijui jina lake. Nikimjua siku moja, sitawajibika kwa yatakayompata. Video yake inaanza pale mkono wangu unapomgonga Baba mgongoni. Moshi hauonekani, mama na mtoto hawaonekani, unaona tu msichana amevaa skafu safi akimrusha mzee nje ya ndege kama gunia. Mwishoni Baba anageuka na kuanza kurudi kwenye ndege, anaanguka, anainuka, mtu wa zimamoto anamvuta kwa koti. Hapo ndipo watu hucheka zaidi. Eti mzee anarudia kofia.

Video ilifika Molo kabla yake. Pale lori za viazi zinapopakiwa, wapakiaji walikuwa wanamngoja. "Mzee, leo unashuka mwenyewe ama tukusukume?" Baba ameuza viazi mahali hapo tangu sijazaliwa. Sasa haendi tena, anamtuma Mama. Na mimi nikipiga simu, Mama anasema amelala. Saa sita mchana, amelala!

Alikuwa akiniita Mami. Nilipewa jina la mama yake, Wanjiru, ambalo wengine hulifupisha Shiru, kama ilivyo desturi yetu, na tangu nikiwa mdogo hajawahi kuniita kitu kingine. Wiki hizi zote sijaitwa chochote.

Ndipo Ankol Kimani, kaka mkubwa wa Baba na mzee wa kanisa, akapiga simu kusema familia itakutana leo na nije nimwombe baba yangu msamaha. Nikamuuliza msamaha wa nini. Akasema nitaambiwa huku.

Nilipofika asubuhi Mama akanivuta chumbani na kunionyesha blanketi jipya, bado liko kwenye karatasi ya duka. Alikuwa ameninunulia nimpe Baba nikishaomba msamaha. "Mfunike tu mabega, Shiru. Hata usiseme mengi." Damu ilinichemka. Mama yangu, ambaye kazi yangu ndiyo iliyomrudishia mume akiwa mzima, alikuwa ameshanipangia hatia pamoja na zawadi yake.

Tuliketi. Ankol akaomba, ombi refu, halafu akaanza polepole kwa ile sauti yake ya kusuluhisha wake na waume.

"Shiru, hakuna mtu hapa amesema ungewacha watu wachomeke. Sisi tunauliza tu. Si ungemshika mkono? Si ungemwambia pole pole? Huyo ni babako."

"Ankol, hakukuwa na wakati wa pole pole."

"Hata wa tafadhali?"

Nilitaka kucheka. Tafadhali! Chuoni nilikaribia kufelishwa kwa neno hilo hilo. Tulikuwa tunafunzwa ndani ya kielelezo cha ndege, moshi wa bandia umetiwa, na zamu yangu ilipofika nikapaza sauti: "Tafadhali ruka!" Mwalimu akasimamisha kila kitu. Akaniambia mtu aliyeshikwa na woga husikia amri, hasikii ombi, na ukimwomba atasimama pale kukujibu. Na akikwama mlangoni, unamsukuma. Nilirudia hadi koo likawaka. Mimi, msichana wa Molo niliyefunzwa kutomtazama mkubwa machoni, nikafunzwa upya kumpigia kelele mtu yeyote, awe bosi au askofu. Hawakusema isipokuwa baba yako.

Basi nikawaambia. Nilianza kwa adabu, na adabu ikaisha mapema. Nikawaeleza juu ya yule mama na mtoto. Nikawaeleza kwamba tunafunzwa kutoa watu wa ndege nzima kwa sekunde tisini, na kwamba mtu mmoja akisimama mlangoni anasimama na roho za wote walio nyuma yake. Nikasema Baba aliziba mlango. Anti, mke wa Ankol, akashika kifua. "Shiru!" Nikasema tena, aliziba mlango, na angeuziba kidogo zaidi leo mngekuwa mnakula chakula cha matanga hapa.

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, bandeji mkononi, anaangalia makaa. Hakugeuka.

Hapo ndipo nikapasuka. Nikamwelekea yeye mwenyewe, mbele yao wote, kwa sauti ile ile ya mlangoni.

"Baba, ulikuwa umesikia! Wewe peke yako ulisikiliza! Ulikuwa na kadi kwa mkono! Mbona hukuruka?"

Nilidhani hatajibu. Ankol alikuwa ameinua mkono kuninyamazisha Baba alipoanza kuongea, akiwa bado anaangalia makaa.

"Hiyo kadi niliisoma yote. Mbele na nyuma. Wanaonyesha mama wa viatu vya juu anaruka. Wanaonyesha mwenye ako na mtoto anaruka. Hakuna mahali wanaonyesha mwenye amefungua mlango akitoka."

Ankol akashusha mkono.

"Nikaona, kumbe huyu anabaki. Sasa Mami, naruka aje na wewe umebaki hapo?"

Ningependa kuandika kwamba hasira iliisha. Haikuisha, ilipanda. Nilitamani kumtikisa. Kwa sababu hilo ndilo jibu baya kuliko yote! Mwenye woga unamsukuma na unalala usingizi. Mpumbavu wa sanduku unamtukana. Huyu nimfanye nini? Kila mtu ndani ya ndege ana wake. Kila mzazi akisimama kumngoja mtoto wake, tunakufa wote kwa foleni, tukipendana. Nikakasirikia hata waliochora ile kadi. Nimeigawa na kuipanga kwenye mifuko ya viti sijui ni mara ngapi, na sikuwahi kuona kwamba sisi hatumo.

Na yule mzee kwenye video hakuwa anarudia kofia.

Ankol akakohoa. "Haya basi. Umesikia babako alikuwa anakufikiria. Sasa si uombe msamaha yaishe?"

"Siombi," nikasema. "Baba, pole kwa mkono. Pole kwa wale watu wa lori. Lakini kukusukuma, hapana. Ukisimama hapo tena, nitakusukuma tena."

Anti akaanza kuomboleza chini chini kwamba watoto wa siku hizi wameharibika. Mama akaangalia mlango wa chumbani, kule lilikokuwa blanketi. Ankol akainua mikono yote miwili na kuishusha, kama mtu aliyemaliza ya kwake.

Baba ndiye aliyegeuka. Aliniangalia kama alivyoniangalia siku ile, na safari hii nilikuwa na nafasi ya kuangalia pia. Nikaona kwamba naye amekasirika, tena sana. Tumekuwa wawili kwa wiki zote hizi, kila mmoja na hasira zake.

"Sukuma," akasema. "Lakini nionyeshe kwanza wewe unatokea wapi."

Kisha akaniomba nimwongezee makaa. Wengine wakanywa chai na kuongea juu ya bei ya mbolea. Mimi nikaja kujifungia hapa.

Jumatatu narudi kazini. Nitasimama mbele ya watu wanaotafuta chaja na nitawaonyesha milango. Nitakuwa na hasira nao, na hiyo nimeamua kubaki nayo, inanisaidia kupaza sauti.

Lakini kesho tukitoka kanisani nitamkalisha Baba pale sebuleni, karibu na dirisha, na koti lake na kofia. Mama atakuwa yule wa nyuma aliyembeba mtoto, kama akikubali kunisemesha. Nitafungua mlango wa mbele, nishike fremu, nijibane kando. Nitampigia kelele bila tafadhali, majirani wasikie, na yule mwenye kurekodi ajitokeze arekodi. Akisimama mlangoni nitamsukuma hadi uani.

Halafu nitamfanya asimame huko kwenye baridi, mbali kidogo na nyumba, aangalie. Nitapita chumba kwa chumba nikiita kama kuna aliyebaki. Nitachukua muda ule ule ambao hunichukua kazini, sitaharakisha kwa ajili yake. Na nitatoka kwa mlango ule ule, nikiwa wa mwisho, akiniona.