Ukurasa wa Mwisho

Kaka,

Mama hajambo, ni goti tu linamsumbua. Paa limezibwa, ingawa fundi alituzungusha wiki nzima kwa njoo kesho.

Benki wamenifukuza kazi. Unalikumbuka faili la shehena ulilotuletea kwa niaba ya mteja wako? Ukurasa wa masharti, ule unaotaja kanuni za kufuata, haukuwemo, nikakupigia simu: tufuate kijitabu chekundu, kinachotutaka tukague kila karatasi, au cha bluu, kinachotutaka tupokee na kupeleka tu? Ukacheka. "Bluu, mdogo wangu! Wewe hapo ni tarishi, usijitie uhakimu." Nikakuamini, kwani kazi hii ulinifundisha wewe. Nikazipitisha hati bila kuzikagua. Ile ya meli ilikuwa ya kughushi.

Mbele ya wakubwa nilikutetea, nikasema binadamu hukosea. Jana nikafungua begi uliloliacha hapa, nikitafuta dawa ya Mama. Nikaukuta ule ukurasa, umekunjwa mara nne, matundu mawili ya pini bado yapo. Umeandikwa wazi: kijitabu chekundu.

Mama anauliza mbona sikupigii. Nimemwambia simu yangu imeharibika.

Ni mimi,
tarishi wako.