Panya Aliyekula Mawese

Mama mpendwa,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu barua huanza hivyo, usije ukajisifu huko uliko. Nina hasira na wewe. Ilinishika siku ya tatu ya matanga yako, leo ni siku ya thelathini na sita, na bado haijapoa. Naamka nayo, napiga nayo mswaki, naenda nayo dukani kufungua milango yako.

Jumapili ni misa ya arobaini. Tukitoka kanisani tutakuja nyumbani, tusimame mbele ya picha yako, wanao wote, mimi na wadogo zangu wa baba wa pili, mmoja mmoja, na kila mmoja atasema kwa sauti kama ana moyo mweupe juu yako, ili uende zako kwa amani. Desturi hiyo unaijua, wewe ndiwe uliyetusimamisha hivyo bibi alipokufa. Mimi ni mkubwa, naanza mimi. Tantine Katungu, huyo mdogo wako, ameshanipangia maneno: "Sema tu, mama uende, moyo yangu iko mweupe. Ni maneno kidogo, Kavira, aichomi ulimi." Basi inanichoma! Na wewe ulituambia kwamba anayedanganya mbele ya picha ya mzazi hatalala. Kwa hiyo nakuandikia kwanza, nione kama kuna kitakachopungua.

Tuanze na wimbo. Unajua ni wimbo gani, usijifanye.

Unakumbuka masikio yangu yalivyokuwa. Watoto wenzangu pale mtaani kwetu Tshopo walipenda muziki wa ndombolo, walijua kila mwito wa kila mchezeshaji. Mimi nilipenda nyimbo za ajabu, nyimbo za wazee, zenye mdundo wa kuchechemea: mbili za haraka, kisha nafasi tupu, halafu moja nzito. Nilikuwa nikizisikia kwa wanawake wanaofua mtoni. Siku nyingine ni mpiga kasia anagonga ubavu wa mtumbwi akingoja abiria, basi mimi miguu inakataa kuondoka. Ngozi inanisimama. Machozi yanatoka, na hapohapo nina furaha hata sijui niiweke wapi. Wenzangu walinicheka, wakaniita koko, bibi kizee. Na mimi mwenyewe sikujua kwa nini. Lugha yenyewe siielewi, mimi mtoto wa Butembo, kule milimani, kwa baba na mama! Nikadhani nina kasoro kichwani.

Hukuniambia kwamba sina.

Wewe ulikuwa mwanamke mtulivu, hilo halina ubishi. Mteja akutukane, akuvurugie vitenge vyote mezani, aondoke bila kununua, wewe unakunja upya, unamwambia, "Karibu tena, mama." Lakini wimbo wa namna ile ukipita kwenye redio, uliruka juu ya marobota kama umemwagiwa maji ya moto. "Zima! Zima iyo kelele! Ni mambo ya watu wa ng'ambo ya mto, aina hata maana. Bon, weye unaelewa nini mule?" Nikisema sielewi kitu, unauliza, "Donc, unalilia nini?"

Unalilia nini. Ulikuwa unajua, mama. Ulisimama pale, mkono kwenye redio, ukamuuliza mtoto swali ambalo jibu lake liko tumboni mwako.

Na komunyo yangu ya kwanza je? Nilikuwa na miaka tisa. Ulinishonea gauni jeupe mwenyewe, ulinichana nywele tangu alfajiri, magoti yangu yakapakwa mafuta mpaka yakang'aa. Siku hiyo parokia ilialika kwaya ya akina mama kutoka Lubunga. Wakati wa matoleo wakaingia wanacheza polepole, wanapiga michi miwili ndani ya kinu, kinu kabisa, wamekibeba kutoka ng'ambo ya mto. Mbili za haraka, nafasi, moja nzito. Nilianza kulia kwa sauti pale kwenye foleni ya weupe. Mmoja wao, mwanamke mfupi, akaacha kuimba akanitazama. Na wewe ukatoka kwenye benchi, ukanishika mkono hapa juu, ukanitoa nje mbele ya watu wote. Ulisema nina homa. Nilipokea Jumapili iliyofuata, peke yangu, kwa gauni la kila siku. Katika picha ya wenzangu mimi simo. Miaka yote hiyo nimeamini kwamba nilikuaibisha.

Nisikuonee. Umenilea. Jumapili ulikuwa unaniwekea sehemu ya lituma, zile ndizi za kuponda, iliyogusa sufuria, ile yenye ukoko, kwa sababu ulijua naipenda kuliko ndizi yenyewe. Nilipoumwa malaria ulifunga duka, wewe ambaye hukufunga duka hata risasi zilipolia. Nilikupenda, na ndiyo maana nina hasira hivi. Ungekuwa mama mbaya ningesema asante Mungu na kulala.

Bon. Siku ya tatu ya matanga.

Nilikuwa kwenye mkeka chini ya picha yako, kitambaa kichwani, kama inavyompasa mfiwa. Mchana mweupe. Uani wanawake wanatwanga pondu, majani ya muhogo, ya wageni, kila mtu na mchi wake, ovyo ovyo. Akaingia bibi mmoja mfupi, jicho moja lina ukungu, viatu kavishika mkononi vina matope ya ufukweni. Tantine akamwambia akae nje pamoja na majirani. Hakukaa. Alimpokonya mwanamke mmoja mchi, akaanza kutwanga, akaanza kuimba.

Mama, sikuinuka mimi. Ni miguu iliyoinuka. Nilijikuta uani, kitambaa kimedondoka, nimeshika mchi wa pili. Yeye anaimba mstari, ananyamaza. Na mimi nikaujibu. Maneno ambayo sijui nimeyatoa wapi, ya lugha nisiyoijua, yakatoka yamepangika, na mchi wangu ukaanguka katika ile nafasi tupu bila kugongana na wake hata mara moja. Wengine wakashusha michi yao. Tantine akapiga kelele mpaka barabarani wakasikia: "Kavira! Mufiwa hatwangi! Unapika chakula ya kilio ya mama yako mwenyewe? Utatuletea kifo kingine!" Akaja akaninyang'anya mchi. Yule bibi hakumtazama. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo tu, "Haujasahau." Akavaa viatu vyake akaondoka, nami nikajua kuna jambo ulinificha.

Ndugu zako hadi leo wananiona nimeharibu matanga yako. Wacha waone hivyo.

Juma lililofuata nilivuka kwenda Lubunga, wapiga kasia waliomvusha waliniambia ndiko anakokaa. Haikuwa kazi kumpata, huko kila mtu anamjua Mama Vero. Alinikuta nimesimama mlangoni, akanivuta kwa mkono, akanikalisha kwenye kiti kimoja alichonacho, yeye akakaa chini. Akanieleza, na alieleza bila kinyongo, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Kwamba nilipozaliwa tulikuwa tumepanga kwake, wewe na papa, baba yangu, hapo hapo uani. Kwamba papa alipofariki ukaenda Butembo kuchukua bidhaa, majuma mawili tu, ukaniacha kwake na maziwa ya kopo, nina miezi mitano. Kwamba vita vikafunga barabara. Kwamba maziwa ya kopo yalipoisha alininyonyesha, kwa sababu mtoto wake mwenyewe alikuwa amemzika karibuni na kifua kilikuwa bado kimejaa. Miaka mitatu, mama! Miaka mitatu nilikuwa mgongoni mwa yule mwanamke anapotwanga pondu ya kuuza, na nilipoweza kusimama akanichongea mchi mdogo.

"Na wimbo?" nikamuuliza. "Unasema nini?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ee Kavira! Ni wimbo ya kutwanga tu. Inasema: panya amekula mawese. Na wewe unajibu: basi tumule panya."

Panya. Nimelilia panya zaidi ya miaka ishirini. Nimekosa picha ya komunyo kwa ajili ya panya. Tulicheka wote wawili, nikacheka hadi kwikwi ikanishika, na mwisho haikuwa kicheko tena.

Alikuwa ndiye yule wa kwaya, bila shaka umeshajua nimejua. Na alikuwa anakuja sokoni na beseni lake la pondu, anapita upande wa pili wa barabara ya duka letu, aone nimefikia urefu gani. Nikamwuliza kwa nini hakuvuka ile barabara hata siku moja. Akasema, "Mama yako alinikataza. Alikuwa na haki. Mutoto ni wa mwenye kuzaa."

Alivyosema hivyo nikasimama niondoke, maana nilitaka kuja kukufukua. Akaniambia nikae, hajamaliza.

Na hili ndilo lisilonitoka.

Aliniambia kwamba uliporudi, nilijificha nyuma ya sketi yake. Kwamba ulinichukua ukanivusha nikilia, na kwamba miezi miwili nikawa nalia kwako, silali, sili. Siku moja ukavuka mto peke yako, na viatu vyako vya kisigino, ukaja uani kwake. Hukusalimia vizuri. Ulisema, "Nifundishe ule wimbo."

"Nikamupa muchi," Mama Vero akasema. "Tukatwanga siku muzima. Mama yako, masikini! Maneno alishika, ata kama alikuwa anayatamka ya milimani. Lakini ile nafasi ya kati, ya kunyamaza, hakuweza kuingoja. Kila mara anakimbia. Muchi yake inagonga yangu, paa! Anasema, tena. Paa! Anasema, tena. Mukono yake ikatoka damu hapa." Akanionyesha kwenye kiganja chake mwenyewe. Kisha akaimba kama wewe. Aliimba vibaya kabisa, mbio mbio, kwa sauti yako. Mama, niliisikia sauti yako. Ndiyo mara ya kwanza niisikie tangu tukuzike.

Siku chache baadaye ukarudi kwake mara ya mwisho. Ulisimama mlangoni, hukuingia. Ulimwambia, "Nimemwimbia. Ameziba masikio. Ameuliza weye uko wapi. Usivuke tena, na huu wimbo sitaki kuusikia kwangu." Ukaenda. Na hivyo ndivyo ulivyokuwa, hadi ulipoingia kaburini.

Sasa unisikilize vizuri. Sina hasira kwamba uliniacha. Barabara haikufungwa na wewe. Sina hasira hata kwa wivu wako. Mtoto wangu akinikimbia kwenda kwa mwingine nami ningeona wivu, labda ningefanya mabaya zaidi. Hasira yangu ni kwamba ulijaribu mara moja. Wewe! Wewe uliyelala njiani majuma mazima lori likiwa matopeni, kwa ajili ya robota moja la vitenge. Wewe ambaye mteja akikataa kitenge cha kwanza unamfunulia cha pili, cha kumi, cha ishirini, meza inajaa, jasho linakutoka, na unaendelea kutabasamu. Mimi ulinifunulia kimoja tu. Nilikuwa na miaka mitatu, mama. Nilikikataa kimoja, ukafunga duka.

Na mwanamke yule ukamkalisha upande wa pili wa barabara mpaka jicho lake likaingia ukungu.

Nimeandika yote, na moyo haujawa mweupe. Tantine anangoja maneno yake. Nimemwambia kwamba Mama Vero anakuja Jumapili, nitamvusha mimi mwenyewe, na atakaa kwenye kiti cha mbele, chini ya picha yako. Tantine anasema nikifanya hivyo yeye hatakanyaga. Alors, asikanyage. Viti vitatosha.

Nikifika mbele ya picha, sitadanganya. Nitaimba kwanza kama unavyoimba wewe, mbio mbio, bila kuingoja ile nafasi, watu waone aibu wakitaka. Kisha nitakuambia neno moja tu, na ukitaka kwenda baada ya hapo uende. Neno lenyewe ni hili: ungeendelea kuimba vibaya, mama. Ningezoea.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
yule aliyeziba masikio,

Kavira